Wimbo wa kuwapa wenzako kazi: uchambuzi wa kisa cha fundi mmoja na karaoke ya kufunga mwaka Japani

Kisa hiki ni cha ndugu yetu mmoja anayefanya kazi Japani. Nimemwita J., ingawa jina lake halianzi na herufi hiyo. Mji, kampuni na aina ya mitambo anayoishughulikia nimeviondoa, na umri wa wenzake nimeusogeza kidogo. Yeye mwenyewe ameyasoma maandishi haya na kuyaridhia. Ninaandika kwa sababu kila mwaka ndugu wanaofika huku huniuliza swali lile lile, "Niimbe nini?", na kumpa mtu orodha ya nyimbo kumi bora hakujawahi kumsaidia hata mmoja wao.

Usuli

J. ana miaka 34, mzaliwa wa pwani ya Tanzania, fundi mitambo. Kijapani chake cha kazini ni kizuri, ila kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, husoma chache. Hanywi pombe. Sauti yake ni besi nyepesi, na sikio lake ni zuri kwa sababu alikulia madrasa akighani kaswida.

Idara yake ina watu 13. Mkuu wao, ambaye Wajapani humwita kwa cheo chake, bucho, alikuwa na miaka 60 na angestaafu mwezi Machi. Chini yake wako makacho, yaani wakuu wa vitengo, wawili wa miaka arobaini na kitu, mafundi wa makamo, wanawake wawili wa hesabu, na vijana watatu ambao mkubwa wao alikuwa na miaka 24.

Msomaji aliye nyumbani afahamu kwamba karaoke ya Japani si ile ya baa yenye jukwaa na wageni usiowajua. Ni chumba kilichofungwa: makochi yamezunguka meza, skrini ukutani, maiki mbili, matari na kayamba za kuchangamsha, na simu ya kuagizia vinywaji. Vyumba hivi vilianza mkoani Okayama mwaka 1985, vikiwa makontena ya mizigo yaliyogeuzwa. Mashine yenyewe ina umri mkubwa zaidi, na asili yake inahusiana sana na kisa hiki. Inoue Daisuke alikuwa mwanamuziki wa kusindikiza waimbaji katika baa za Kobe. Mteja wake mmoja, mwenye kampuni ndogo, alimwomba waende pamoja kwenye safari ya kikazi ili ampigie muziki mbele ya wenzake wa biashara. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki usio na sauti ya mwimbaji. Kutokana na hilo akatengeneza mashine yake mwaka 1971. Hivyo mambo haya yalizaliwa katika shughuli za watu wa kazini, na mpaka leo ndiko yanakoishi.

Kazini karaoke huja kama kikao cha pili. Kikao cha kwanza huwa cha chakula na vinywaji, kisha walio tayari huendelea chumbani. Nyakati kuu ni karamu ya kupokea wapya, mwanzoni mwa mwaka wa kazi, na bonenkai, karamu ya Desemba ya "kuusahau mwaka". Watakaokusikia ukiimba ndio utakaosimama nao mtamboni Jumatatu.

Jaribio la kwanza, mwezi Mei

Kwenye karamu ya kumpokea, J. aliimba *Hakujitsu* ya King Gnu, wimbo wa mwaka 2019. Aliupenda kwa dhati na alikuwa ameusikiliza miezi mingi kwenye basi la kwenda kazini. Alidhani wimbo mpya na mgumu ungeonyesha kwamba amejitahidi kukijua Kijapani.

Wimbo huo huanza na sauti nyembamba ya juu, ala zikiwa chache sana, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Umetungwa pia kwa waimbaji wawili, mmoja wa juu na mwingine wa chini. J. alipoona kibwagizo kiko juu mno alibonyeza kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo, ishuke hatua tano, na kila hatua ni nusu toni. Hapo ndipo penye mtego. Sehemu za juu zilimfikia kwa taabu, lakini zile za mwimbaji wa chini zilizama mpaka zikawa mnong'ono. Vijana wawili walimsaidia kwenye kibwagizo. Wakubwa waliinamia orodha ya vinywaji. Kabla ya kibwagizo cha mwisho alibonyeza mwenyewe kitufe cha kukatisha wimbo.

Walimpigia makofi, tena ya adabu. "Kaka," aliniambia baadaye, "makofi yale yaliniuma kuliko kama wangecheka."

Miezi iliyofuata alikuwa akiaga mara tu kikao cha kwanza kinapokwisha. Hakuna aliyemlaumu. Lakini yale yanayozungumzwa chumbani yalikuwa yakimpita, na asubuhi alikuta wenzake wanacheka jambo asilolijua. Mwezi Oktoba akanijia.

Tulivyopima nyimbo

Hesabu ilitangulia. Chumba hukodiwa saa mbili, nazo ni dakika 120. Wimbo mmoja, pamoja na kupokezana maiki, hula dakika tano hivi, kwa hiyo nyimbo zitakuwa kama 24. Kwa watu 13 kila mmoja anapata zamu mbili, pengine moja. Hakuwa na haja ya nyimbo kumi. Alihitaji mbili, na ya tatu ya akiba.

Kisha nikamtaka aniandikie umri wa kila mtu idarani, kwa kukadiria. Nyimbo ambazo mtu huzishika moyoni mara nyingi ni zile zilizovuma alipokuwa na miaka kati ya 12 na 25, na ukijua umri unajua unamwimbia nani. Zoezi hili lilikuwa zuri. Nililiacha nusu, kama itakavyoonekana mbele.

Maswali tuliyoiuliza kila nyimbo yalikuwa manne. Je, wa miaka 60 na wa miaka 23 wote wanakijua kibwagizo chake? Sauti ya J. inaufikia bila kukaza shingo? Anaweza kulisimamia kila neno analolitamka? La mwisho ndilo niliona zito kuliko yote: wimbo huu unawapa kazi gani walioketi? Wajapani wana neno *moriagaru*, na sisi tuna neno linalolingana nalo barabara, kunoga. Shughuli hainogi kwa sababu mwimbaji ana sauti tamu. Hunoga kwa sababu walioketi wameona mahali pa kuingilia, iwe kuitikia, kupiga makofi, kunyanyua mikono au kupiga mbinja. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hili zaidi ya mara moja.

Nyimbo za Kiingereza tuliziondoa kwanza. Wenzake wangemsifu matamshi kisha wakae wamsikilize, na kule kukaa ndiko tulikokuwa tukikukimbia. *Ultra Soul* ya B'z, ya mwaka 2001, ina ukelele mmoja ambao chumba kizima huusubiri kwa hamu, ila sauti yake iko juu mno kwa besi. *Chiisana Koi no Uta* ya Mongol800 hupendwa sana na wanaume, lakini maneno yake yanakimbia, tena vijana wangeuchukua wenyewe, na si vizuri kumpokonya kijana wimbo wake.

Tulibishana juu ya *Matsuken Samba II* ya mwaka 2004, ambayo mwigizaji Matsudaira Ken huicheza akiwa na kimono ya dhahabu inayometameta. Nilijua ingechangamsha. J. alikataa, na nikaona ana haki. Alisema mgeni mweusi wa pekee idarani akianza kwa kucheza kichekesho, atabaki kuwa kichekesho. Wajapani wengi huimba wimbo huo bila kupungukiwa na kitu, lakini wao wana mahali pa kurudi wimbo ukiisha. Yeye alikuwa bado hajajengewa mahali hapo.

Tukabaki na nyimbo tatu.

Wa kwanza ni *Linda Linda* ya The Blue Hearts, ya mwaka 1987. Bucho alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ulipotoka, makacho walikuwa watoto, na vijana wameukuta kwenye tamasha za shule, ambako bendi za wanafunzi huupiga mara kwa mara. Mistari ya mwanzo huimbwa polepole, karibu bila ala, halafu wimbo hulipuka ghafla na watu huruka. Kibwagizo ni neno moja tu. Hauhitaji sauti nzuri, unahitaji kuaminiwa na anayeuimba. Unamzungumzia panya wa mtaroni na uzuri alionao usioweza kupigwa picha, na J. alisema maneno hayo anaweza kuyasimamia mbele ya mtu yeyote.

Kuna jambo lililotufurahisha sote wawili. Kwa sikio letu jina hilo ni Kiswahili: linda, linda! Wajapani hulitamka *rinda*, kwa kuwa lugha yao haitenganishi l na r. J. aliposikia kibwagizo kwa mara ya kwanza aliniuliza wanataka kulindiwa nini. Nilimwambia alishike hilo, kwa maana litamsaidia kuingia kwa nguvu panapostahili.

Wa pili ni *Kitaguni no Haru* ya Sen Masao, ya mwaka 1977. Huu ni wa enka, mtindo wa nyimbo za Kijapani za hisia na huzuni. Mwanamume aliye mjini anakumbuka majira ya kuchipua kwao kaskazini. Mama yake amemtumia kifurushi kidogo, akihofu kwamba mjini mtu hajui hata majira yamebadilika, naye anajiuliza kama arudi. J. hutumiwa na mama yake vifurushi vya iliki na mdalasini, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza ubeti wa kwanza. Enka nyingi huegemea mizani ya noti tano, na sauti huzungushwa kwa madoido yanayoitwa *kobushi*. Koo lililozoea kaswida huyapata madoido hayo haraka. Kwa vile hanywi, tulikuwa tumeziacha enka zote za kulilia kikombe. Huu unataja pombe mara moja tu, katika ubeti wa tatu, pale mwimbaji anapojiuliza kama baba na kaka yake, watu wasiosema sana, hukaa wakanywa pamoja siku moja moja. J. alifikiri siku mbili, akasema huyo ni baba anayekumbukwa na mwanawe, atauimba.

Wa akiba ulikuwa *Ue o Muite Arukō* ya Sakamoto Kyu, ya mwaka 1961, ambao mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa jina lisilohusiana nao kabisa, *Sukiyaki*. Tuliuweka wa mwisho kwa sababu wageni wengi huuimba, nami niliona umezoeleka mno.

Mazoezi

J. alikwenda peke yake mara tatu mchana, bei inapokuwa ya chini. Huku mtu kukodi chumba peke yake ni jambo la kawaida na lina jina lake, *hitokara*.

Matamshi hayakumsumbua nilivyohofu. Kijapani kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Tunapokosea ni kwenye mkazo. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wao hupandisha na kushusha sauti. Wimbo humponya mtu kosa hilo, kwa sababu mahadhi yenyewe ndiyo yanayoamua kipi kipande na kipi kishuke. Katika mazungumzo pia Wajapani huzimeza baadhi ya irabu. Neno *utsukushiku*, lililomo mwanzoni mwa *Linda Linda*, Mswahili hulitaja lote, u-tsu-ku-shi-ku, na kazini husikika mgeni. Kwenye wimbo kila silabi hupata noti yake, na kule kulitaja lote ndiko kunakotakiwa. Kazi iliyobaki ilikuwa irabu ndefu, ambazo alizichorea mstari kwenye daftari lake.

Kii ya *Linda Linda* tuliishusha hatua mbili, na hatukuigusa tena. Kosa la Mei lilikuwa kushusha kii ukumbini, kwa kubahatisha, wakati muziki umeshaanza. Nilimtaka pia azime kipimo cha alama. Mashine hupima noti, mtetemo na madoido, ikampa 78 siku ya kwanza, naye akaanza kuifukuzia 80. Mashine haiwezi kupima kama aliyeketi pembeni amelishika tari.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa zamu. Kila karamu ina mwandalizi, *kanji* (neno jingine, si zile herufi), mara nyingi kijana. J. alimwendea siku tatu kabla, akamwambia angependa kuimba wa nne au wa tano. Wa kwanza hukuta watu hawajatulia, na wa mwisho huwakuta wamechoka. Yeye asiyekunywa alihitaji chumba kilichokwisha kulegea lakini bado kinasikiliza.

Usiku wa Desemba

Walikwenda watu 11 kati ya 13. Bucho aliketi ndani kabisa, mbali na mlango, panapostahili mkubwa. Vijana waliketi mlangoni karibu na simu. Kijana mmoja alifungua kwa wimbo mpya wa haraka, kacho akaimba *Cherry* ya Spitz, ya mwaka 1996, mama mmoja wa hesabu akafuata. Kisha jina *Linda Linda* likatokea juu ya skrini kama wimbo unaofuata, na kacho wa pili akauliza kwa sauti, "Nani huyu?"

J. alisimama kwenye ncha ya meza, si mbele ya skrini, ili asiwazibie maneno wenzake. Mistari ya mwanzo aliiimba polepole akimtazama mama wa hesabu, ambaye ndiye aliyemfundisha kujaza fomu za bima mwezi wake wa kwanza. Chumba kilinyamaza. Ananiambia alisikia barafu ikigongana ndani ya gilasi. Ndipo ala zikaingia, naye akaliachia lile neno kwa nguvu zake zote.

Kacho wa kwanza aliruka. Kijana aliyekuwa akiagiza vinywaji aliiacha simu ikining'inia na waya wake. Gilasi moja ilimwagika, mtu akaikinga kwa taulo la mkono huku akiendelea kuimba. Katika ubeti wa pili J. alisahau mstari mzima, akamnyooshea maiki kijana aliyekuwa karibu, na kijana akaumalizia. Bucho hakuruka, lakini tari lilikuwa mkononi mwake, akilipiga kwenye paja.

Wimbo ulipokwisha waliuliza kama neno hilo lina maana katika lugha yake. J. akawaeleza: kulinda, kama mlinzi wa getini. Walilirudia mara kadhaa, wakijaribu kuitamka l.

Saa moja baadaye aliuingiza wimbo wake wa pili kwenye *denmoku*, kile kishikwambi cha kuchagulia nyimbo. *Kitaguni no Haru* ikatokea juu ya skrini. Kacho akamsogelea sikioni: "Huo ni wa bucho."

Kila mwaka, kwenye kila bonenkai, bucho huuimba wimbo huo. Ndio *ohako* yake, wimbo ambao kila mtu anajua ni wake. Neno hilo huandikwa kwa herufi za "kumi na nane", kutokana na michezo 18 ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, ambayo ukoo wa Ichikawa Danjuro uliitenga kuwa yake katika karne ya 19. Ohako ina mwenyewe, kama kiti cha babu barazani.

J. alikuwa na sekunde chache. Angeweza kuufuta, lakini bucho alikuwa ameshauona. Aliinuka, akazunguka meza, akampelekea bucho maiki kwa mikono miwili na kusema kwamba amemwekea. Bucho akaimba beti zote tatu, kwa kii ile ile aliyoiweka J., iliyokuwa chini kidogo kwake. J. alirudi kuketi. Wiki mbili za mazoezi zilipita mbele yake akipiga makofi. Kacho alijaribu kumfariji akisema kwamba naye angeweza kuwa kama Jero. Jero ni Mmarekani mweusi mwenye bibi Mjapani, aliyeanza kuimba enka kibiashara mwaka 2008 na mwaka huo huo akaimba kwenye tamasha kubwa la televisheni la mkesha wa mwaka mpya. Neno lilikuwa la upendo. J. alilipokea hivyo, ingawa aliniambia alikuwa amelisikia mara nne mwaka ule.

Zilipobaki dakika ishirini hivi, maiki ilimrudia. Aliimba ule wa akiba, *Ue o Muite Arukō*. Wimbo huo una sehemu ya kupiga mbinja. J. hajui mbinja. Aliiteremsha maiki na kuwaangalia wenzake, na watu wanne au watano wakaipiga, kila mmoja na pumzi yake, bucho akiwa mmojawapo. Baada yake simu ya ukutani ikalia kuwaambia zimebaki dakika kumi.

Matokeo

Kuanzia hapo J. huendelea mpaka kikao cha pili. Mwezi Januari vijana walimwalika kwenye karaoke yao wenyewe, isiyo ya kampuni. Mama wa hesabu alimwomba maneno ya wimbo wowote wa Kiswahili, akamwandikia *Malaika* kwa herufi za katakana.

Walianza pia kumwita Rinda-san. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya nne mtu wa idara nyingine, asiyejua jina lake la kweli, alimwita hivyo mbele ya mteja. J. alimwendea kacho faraghani na kumwomba mtamboni walitumie lile jina lake la kwenye kitambulisho. Kacho alilisimamia jambo hilo siku ile ile. Chumbani jina limebaki, naye hana neno.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni yale maneno machache ya polepole mwanzoni mwa *Linda Linda*. Tulikuwa tumeuchagua kwa ajili ya kibwagizo, na kibwagizo kilifanya kazi yake. Lakini wenzake waliniambia, nilipokutana nao baadaye, kwamba kilichowashika ni kumsikia akisema Kijapani kwa utulivu, neno baada ya neno, bila kukimbia. Mwezi Mei sauti yake ilishughulika kutafuta noti, na maneno hayakusikika. Desemba noti zilikuwa rahisi, na maneno yakapata nafasi. Mwanamume anayetafuta wimbo wa kufurahisha watu huku na auchague ule ambao sauti yake haitakuwa na kazi kubwa, ili akili yake iwe kwa walioketi.

Kumwendea kanji mapema kulimpa zamu nzuri, na kulimpa mshirika pia. Kijana aliyeiacha simu ikining'inia ndiye kanji huyo.

Kutokunywa hakukumletea shida hata kidogo. Alikuwa mtu pekee aliyeona gilasi iko wapi na bucho anafanya nini, na zile sekunde chache za *Kitaguni no Haru* aliziamua kwa kichwa kilichotulia.

Kosa la ohako ni langu. Nilimtaka aandike umri wa watu, sikumtaka aulize nani ana wimbo gani. Swali hilo lingemgharimu chai moja na kijana yeyote wa idara. Nimekaa huku miaka kumi na moja na ninajua ohako ni kitu gani. Nilishikwa na furaha ya kuona jinsi wimbo ulivyomkaa, kifurushi cha mama na koo la kaswida, nikasahau kwamba wimbo mzuri kiasi hicho katika idara yenye mtu wa miaka 60 huenda una mwenyewe. Sasa hilo ndilo swali langu la kwanza, kabla ya umri.

Juu ya wimbo wa akiba pia nilikosea, ingawa kosa halikutuumiza. Niliudharau kwa sababu wageni wengi huuimba. Saa ile ya usiku, watu wamechoka na wameimba mengi, kuzoeleka kwake ndiko kulikohitajika. Mbinja ile ni kazi rahisi kabisa ya kumpa mtu aliyechoka. Kama J. angejua kupiga mbinja, nadhani angeipiga mwenyewe, na tungepoteza sehemu nzuri kuliko zote.

Kuhusu Jero na kuhusu jina Rinda, sioni kwamba uchaguzi mwingine wa nyimbo ungeyazuia. Mgeni anayeonekana hupewa jina upesi. Nililopaswa kumwandaa nalo ni maneno ya kulipunguza jina bila kumwaibisha aliyelitoa, na hilo alilipata mwenyewe, kwa kumwendea kacho faraghani.

Mwezi Machi

Karamu ya kumuaga bucho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Safari hii J. hakuingiza enka yoyote. Zamu ya bucho ilipofika, *Kitaguni no Haru* ikapanda kwenye skrini, na bucho akaimba beti mbili akiwa ameketi. Kabla ya ule wa tatu alichukua maiki ya pili mezani na kumnyooshea J. Kii ilikuwa imeshashushwa hatua mbili, na J. hajui nani aliyeishusha.

Ubeti huo ndio wa baba na kaka. Maneno J. alikuwa ameyahifadhi tangu Novemba, lakini aliyaimba macho yakiwa kwenye skrini tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, kwa sababu, aliniambia, kama angemtazama mzee yule asingeweza kumaliza.